Kwa Mama Noi, Forest ya Zamani

Julai ya Mbeya haina huruma na masikio.
Tuliingia na makoti, tukakaa na makoti,
meza ya plastiki, kitambaa cha maua,
jiko la mkaa miguuni kama mbwa aliyelala.
Ukutani kalenda ya Bangkok ya mwaka uliokwisha zamani
na chini yake kalenda ya wauza mbolea.

Mgaya ndiye aliyetuleta. Malimbikizo yameingia,
miaka mitatu ya daraja lililochelewa,
akasema: leo sili chipsi.
Ambonisye akauliza kama kuna ugali.
Hakuna.
Akauliza tena, kwa upole zaidi,
kama mtu anayemuulizia mgonjwa.

Mama Noi alifika Tunduru na mume na mizani ndogo,
miaka ile mawe ya bluu yalipowatia watu wazimu.
Mawe yakaisha. Mume naye akaisha:
alirudi kwao, au alivuka Msumbiji,
inategemea unamuuliza nani.
Mizani ikabaki.
Sasa anapimia pilipili.

Jikoni kinu kikaanza kusema.
Nikajua kisamvu. Kumbe papai bichi,
limekunwa nyuzinyuzi, linapondwa na limau na karanga
na maji ya usipa wa Matema aliowavundika mwenyewe
kwenye pipa, uani, mbali na pua za majirani.
Mgaya akavua jani kwenye supu ya nazi.
"Mchaichai! Huu si wa chai?"
"Kwenu wa chai," akajibu kutoka dirishani.
"Siku ya kwanza kuona mnautia sukari, nililia."
Kiswahili chake cha Tunduru, kina vumbi na kicheko.

Pilipili ilimpata Ambonisye katikati ya sentensi.
Alikuwa anatueleza habari ya kiwanja cha Uyole.
Hadi leo hatujui kama alikinunua.

Kisha wali. Bakuli la bati, mfuniko juu.
Tusekile akafunua, mvuke ukampanda usoni,
akaganda, kijiko hewani.
Alinusa
kama mtu anavyonusa shingo ya mtoto.
"Huu wa Kyela."
Tukacheka: umekuja kula Uthai, umekuta Kyela!
Yeye hakucheka. "Na si Kyela tu. Wa bondeni, Ipinda kule,
unaovunwa maji yakiwa bado kwenye vifundo vya miguu."
Akainuka, akaingia jikoni bila hodi,
tukasikia gunia likiburutwa sakafuni.

Sisi watatu tukatazama mkaa.
Tulijua, na hatukusema,
jinsi shamba la baba yake lilivyokwenda
jaruba kwa jaruba
kulipia kitanda kimoja pale Rufaa.

Walirudi pamoja. Mama Noi akifuta mikono kwenye kanga.
"Nimejaribu wa Mbarali. Wa Kilombero.
Wa Shinyanga, nikaagiza kwa basi.
Huu peke yake ndio ulionidanganya.
Nilifunua sufuria, nikageuka kumwita mama."

Tusekile akaketi, akaula ule wali mtupu,
bila mchuzi, punje kwa punje,
halafu kijiko akakiweka kando,
halafu kwa mkono, halafu kwa haraka,
kama aliyeambiwa basi linaondoka.
Mama Noi akavuta kigoda.
Hakuna aliyemfariji mwenzake.
Aliongeza tu, kila bakuli lilipoonyesha bati.

Bili ikaja kwenye karatasi ya daftari la hesabu.
Mgaya, mwalimu hata akiwa na njaa, aliijumlisha upya,
akakuta kosa.
Wali haukuandikwa.
Akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

Nje, Loleza amejifunika mpaka kidevuni.
Tusekile anatembea mbele yetu, mikono mfukoni,
vidole, najua, bado vinanata.
Ambonisye, midomo ikimwaka,
akasimama kwa mchoma mahindi wa kona,
akanunua manne, akagawa.
"Haya," akasema. "Sasa tule."